Vigae vya Ngome Vilivyozikwa kwa Jina Langu

Sijafa. Naanza na hilo kwa sababu wengi wenu mkinipigia simu bado mnanyamaza kwanza, mnasikiliza kama upande wa pili kuna mtu anayepumua. Ninapumua, tena kwa hasira. Na ninyi wa Bakoba, mtaa wa karakana yangu pale Bukoba, mnaoitembeza habari yangu sokoni kama senene wa msimu, kila mmoja akiikaanga kwa mafuta yake, someni hapa mpate ile iliyotoka kwa mwenyewe.

Mnanifahamu. Mimi Novatus, mtoto wa Izigo, sikubebwa na mtu. Niliuza kahawa ya kuokota chini ya mibuni ya watu, nikajisomesha, nikaenda Ulaya, nikarudi na diploma ya ufinyanzi na vigae. Izigo nzima, na nathubutu kusema Muleba nzima, hakuna mwingine aliyechimbua ngome ya wazungu kwa mikono yake. Habari za tiketi na vibali siziandiki. Hazina utamu, na waliouliza hawakuniuliza hizo.

Ngomeni

Ngome yenyewe iko juu ya kilima, katika nchi yenye baridi ya kupasua midomo. Ni kuta tu zimebaki. Chini ya ukuta kuna handaki walikokuwa wakitupa takataka zao zama za mabwana wa farasi na panga, na humo ndimo nilimofanya kazi miaka yangu ya masomo. Tulikuwa tukitoa vigae vya jiko.

Kwa asiyejua: bwana wa ngome hakuota moto wa wazi kama sisi. Chumbani mwake lilijengwa jiko kubwa kama kabati, kuta zake vigae vya udongo uliochomwa, vya kijani kinachong'aa, kila kimoja na picha yake. Kuna mpanda farasi, kuna simba mwenye mkia wa maua, kuna mwanamke mwenye mikia miwili ya samaki. Moto uko ndani, moshi unapanda dohani na kutoka nje, joto linabaki na watu. Mtindo ulipobadilika walilivunja jiko, wakavitupa handakini. Sisi tulivitoa vipande vipande, tukaviosha, tukaviunganisha. Mgongoni mwa kigae masizi bado yapo, na alama za vidole vya mfinyanzi bado zipo. Nilikuwa naweka vidole vyangu humo. Vinaenea.

Tangu siku ya kwanza niliyoelewa jiko lile linavyofanya kazi, nilikuwa na neno moja kichwani: Mae. Mama yangu amepika kwenye mafiga matatu maisha yake yote. Macho yake mekundu, kifua chake kinakoroma kama paka aliyelala. Nikaapa nitamjengea jiko la ngome, la chini kidogo, lenye mahali pa kuweka sufuria ya ndizi, na moshi utoke nje kama unavyotoka kwa mabwana. Alipolisikia hilo alicheka, akasema, "Jenga tu, mwanangu. Mimi nitapika hapa nikisubiri."

Mwaka huu Daktari Hana, mama anayeongoza uchimbaji, aliniita niwatengenezee nakala za vigae kwa ajili ya jiko la makumbusho yao. Waliwaita na wengine, lakini kazi za wengine zilipasuka tanurini. Zangu hazikupasuka. Kwa shukrani waliniruhusu nichome seti ya pili, yangu mwenyewe, kabla kalibu za kufinyangia hazijafungiwa kabatini. Na kwa kuwa mafundi wa zamani walikuwa wakiweka sura zao kwenye kigae cha juu kabisa, nami nikachonga yangu: uso wangu, paji langu la uso, masharubu. Chini nikaandika NOVATUS. Hana alikitazama akasema, "Hiki ndicho bora kuliko vyote." Nilikuwa nalijua hilo kabla hajasema.

Sasa sikilizeni, maana balaa lilizaliwa hapa. Vigae husafirishwa vikiwa vimesimama mstari mmoja, vimebanwa na majani makavu ya ngano. Kwa hiyo seremala wao alitengeneza sanduku refu, jembamba, la mbao za msonobari. Juu akaandika jina langu kwa herufi kubwa nyeusi, na chini yake IZIGO, MULEBA. Kisha akapiga mhuri wa ngome yao, ambao ni msalaba juu ya ukuta.

Mhaya yeyote anayesoma hapa ameshaelewa. Mimi nilikuwa nimekaa na wazungu muda mrefu mno. Niliona sanduku.

Mwanza

Kutoka Dar nilipanda lori lile lile lililobeba sanduku, nikikaa na dereva mbele na kumkemea kwenye kila tuta. Wangeweza kunizungusha kwa barabara hadi Muleba, lakini nilijua njia ile ingesaga vigae vyangu vikawa ugoro. Ziwa halina mashimo. Nikachagua meli.

Pale bandarini nilianza kupata heshima ambayo, nasema kweli, niliona imechelewa. Wapagazi waliokuwa wakigombana walinyamaza. Mkubwa wao alivua kofia.

"Mzee, tunabeba taratibu," akaniambia.

"Taratibu sana," nikajibu. "Msililaze upande. Na mtu asiweke kitu juu yake."

"Hatuwezi kufanya hivyo, mzee. Sisi ni watu."

Walibeba mabegani, sita, wakipiga hatua pamoja. Waliopishana nao walisimama. Nilikuwa nimevaa koti langu jeusi la Ulaya, natembea nyuma ya sanduku, kichwa juu. Nikasema moyoni: hatimaye nchi hii inajifunza kuheshimu wasomi.

Sanduku halikuwekwa na magunia ya dagaa. Baharia aliwahamisha akinamama wenye mizigo yao, akalitafutia pembe safi, akatandika turubai. Nilipoinama pembeni mwa meli kumwelekeza namna ya kulifunga kamba, simu yangu ilitoka mfukoni mwa koti, ikagonga chuma, ikaingia ziwani. Nilimtukana baharia yule. Akainamisha kichwa, akasema, "Sema tu, kaka. Usibaki nayo moyoni." Hata hilo halikunishtua.

Ziwani

Karibu na sanduku alikaa mama mmoja mnene, mchuuzi wa dagaa wa visiwa vya Muleba. Walimwita Ma Koku. Alinitengea nafasi kwenye mkeka wake, akafungua chakula chake: ndizi zilizopikwa na samaki, bado vuguvugu ndani ya jani la mgomba.

"Kula, waitu, mtu wetu. Mtu anayesafiri na mzigo kama huo asikae na njaa."

Nilikula. Tangu ngomeni sikuwa nimekula kitu chenye maana. Akanipa na kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Nikatulia, na nikitulia huwa nazungumza, tena bila kutenganisha nakala zangu na vigae vya asili vya ngomeni.

"Unaona hicho, Ma Koku? Kilichomo humo kimetoka ardhini, chini ya ukuta wa ngome."

"Walimchimbua?" akauliza polepole.

Nilisikia vizuri alivyosema. Nilidhani Kiswahili cha visiwani ndicho kilivyo.

"Tulichimbua sisi. Vilikuwa vipande vipande. Niliunganisha mimi, kwa mikono hii."

Akashika kifua. "Wewe mwenyewe?"

"Nina diploma ya kazi hiyo."

"Mawe!" akamaka kwa mshangao wa Kihaya. "Na mama yake anajua?"

"Mama anajua nakuja. Hajui vizuri namleta na nini. Atakapoona, nadhani atalia."

"Atalia, baba. Atalia sana," akasema Ma Koku, na yeye akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mtanicheka. Lakini kumbukeni malezi yetu. Kwetu mfiwa haulizwi marehemu aliugua nini wala alikufaje. Unamlisha, unakaa naye, unamsubiri aseme mwenyewe. Mhudumu wa meli, mabaharia, abiria wale wote: hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali la moja kwa moja, kwa adabu. Adabu! Mtu mmoja tu asiye na adabu angeniokoa. Angesema, "Wewe bwana, nani kafa?" nami ningemjibu, na mambo yangeishia pale.

Nikalala kwenye mkeka wa Ma Koku.

Bukoba

Nilipoamka jua lilikuwa juu ya kisiwa cha Musira, meli imefunga Bukoba, na pembe ile safi ilikuwa na turubai tupu.

Sikumbuki vizuri nilichosema kwanza. Waliokuwepo wanakumbuka, na wanakirudia nisipokuwepo. Nilifunga ngazi ya kushukia kwa mwili wangu, nikatangaza kwamba hakuna atakayeshuka hadi kazi ya ngome irudi mahali pake. Mama mmoja akaanza kuniombea. Walinipitia pembeni wote, na mizigo yao.

Nikaingia ofisi moja, nikatolewa nikaelekezwa nyingine. Kijana wa zamu alisema waliopakua hawapo, wamekwenda kulala. Nikamwambia, "Wezi hulala wapi kwenu?" Akasema, "Mzee, punguza." Nikamwambia mimi sipunguzi, mimi nimeunganisha jiko la mfalme. Akanipa kiti na maji. Hata huyo, kumbe, alikuwa ameambiwa kuna mfiwa amechanganyikiwa.

Nilizunguka bandari nzima. Nilichungulia ndani ya malori, nikapima marefu ya masanduku ya watu, nikakaribia kupigwa na mwenye masanduku ya sabuni. Jua lilipoanza kuelekea milimani ndipo baharia wangu wa Mwanza alipojitokeza, anapiga miayo, ametoka kulala.

"Kaka! Bado uko hapa? Si walikuja kukuchukua?"

"Nani anichukue? Sanduku langu liko wapi?"

"Lilishuka bandari ya Kemondo alfajiri. Yule mama wa dagaa alikuta watu wa Izigo wana pikapu, wakasema kutoka Kemondo ni karibu, kwa nini kumzungusha hadi Bukoba. Wao walingoja gatini; yule mama alikuonea huruma kukuamsha. Mfiwa akipata usingizi haamshwi. Nilipaswa nikuambie, nikapitiwa."

"Mfiwa?" nikasema. "Mfiwa wa nani?"

Akanitazama kama mtu anayeona daraja limekatika mbele yake.

"Si... wa marehemu Novatus?"

Nshambya

Sikuwa na simu, na namba za watu wangu zilikuwa zimezama nayo. Nikapanda mbio hadi mtaa wa Nshambya, kwa dada yangu Anatolia. Mlango kufuli. Kuku wamefungiwa. Jirani yake, mzee Ta Laurenti, alikuwa kizingitini kwake anakwangua tope kwenye viatu kwa kijiti.

"Ta Laurenti, Anatolia yuko wapi?"

Aliinua macho. Kijiti kikaanguka. Akaingia ndani kinyumenyume, akafunga mlango, nikasikia komeo, halafu kiti kinaburutwa, halafu kitu kingine kizito. Baadaye sauti ikatokea dirishani, nyuma ya pazia.

"Novatus, mwanangu. Tulikuwa tunasalimiana vizuri mimi na wewe?"

"Vizuri. Fungua."

"Basi nenda kwa amani. Sina deni lako."

"Ta Laurenti, mimi ni mzima!"

"Hapana, waitu. Usinitanie. Mimi natoka Izigo sasa hivi. Hilo tope ni la kaburi lako. Udongo nimekutupia kwa mkono wangu huu."

Nilisogea dirishani. "Mmezika?"

"Tumezika. Baba yako mdogo Kajetani alisema mtu aliyesafiri mbali hivyo asilale tena. Na sanduku limepigwa misumari Ulaya, limechorwa picha ya glasi iliyovunjika, katekista akasema hiyo maana yake lisifunguliwe. Ulikuwa mzito, mwanangu. Tukasema Ulaya wamekulisha. Na tulipokuteremsha ukagongana ndani, kwa-kwa-kwa, wanawake wakalia upya. Yule mama wa dagaa alikuwa ametuambia kwamba ulikuwa vipande."

"Ni vigae! Vigae vya jiko la Mae! Nipe simu nimpigie dada."

Pazia lilifungwa vizuri zaidi. Kisha: "Wafu hawapigi simu, Novatus. Usimuue dada yako."

Nilipiga dirisha lile kwa ngumi, na bado sijaomba radhi. Ndani akaanza rozari, kwa sauti, na nyumba ya pili wakamwitikia.

Giza lilikuwa linaingia na hakuna gari la kwenda Muleba. Nilirudi kwenye karakana yangu Bakoba, nikakaa katikati ya matofali yangu. Kilichonichoma hakikuwa kaburi. Lilikuwa neno moja: wakati ule ule, mama yangu alikuwa chini kwenye nyasi, ananililia, na mimi mzima, na siwezi kumfikia.

Barabara ya Muleba

Asubuhi nilichukua bodaboda, mvua inanyesha. Dereva alikuwa mtu wa kuongea.

"Unakwenda Izigo? Basi kwenye msiba wa yule wa Ulaya."

Nikavuta kola ya koti.

"Wanasema alikatwakatwa. Kisha mzungu mmoja mwenye diploma akamshona, akamleta mwenyewe hadi melini. Mzungu mweusi, wanasema."

"Hakukatwa na mtu," nikasema.

"Ulikuwa unamfahamu?"

"Kidogo."

"Walimsifu sana jana. Ingawa," akacheka, "walisema alikuwa na majivuno, huyo! Ukimsalimia anakujibu kwa diploma. Lakini mtu akifa unasema mazuri tu. Baba yake mdogo alilia hadi akashikwa. Leo wanamsimika kuwa mrithi wa kibanja, shamba la migomba la ukoo."

Nikamwambia aongeze mwendo. Akasema mvua. Nikamwambia aongeze mwendo, huyo marehemu amemkalia nyuma na anaanza kukasirika. Aligeuka kunitazama, pikipiki ikaingia mtaroni. Tuliinuka wote wawili tumepakwa tope jekundu hadi kichwani. Alinitazama tena, safari hii vizuri, akaacha pikipiki yake na kukimbia kuelekea Kemondo. Nilitembea sehemu iliyobaki.

Izigo

Kwa hiyo nilipoingia kwetu, nilikuwa nimepakwa udongo mwekundu mwili mzima, koti jeusi, kama mtu aliyetoka pale pale walipomweka.

Sitaeleza walivyokimbia. Migomba ya Mae ilivunjwa na watu ambao jana yake walikuwa wakiniimbia. Aliyebaki ni Ta Kajetani, kwa kuwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha urithi na miguu ilimkatalia. Alikuwa amevaa jaketi langu. Jaketi langu la kahawia nililoacha kwa Mae! Kwetu mrithi huvikwa nguo ya marehemu, ndiyo, najua desturi. Lakini desturi husubiri kaburi likauke.

"Vua," nikamwambia.

"Novatus..."

"Vua jaketi, Ta Kajetani. Mwenyewe amerudi na anasikia baridi."

Alivua. Vifungo viwili vilidondoka.

Mae alikuwa ndani, kwenye nyasi za matanga, amenyolewa kichwa. Sikuwahi kuona kichwa cha mama yangu kikiwa kitupu. Kilikuwa kidogo. Anatolia alipiga yowe akaruka nyuma ya kabati, lakini Mae hakusogea. Alinitazama nikisogea, nikipiga magoti. Alinyoosha mkono akanifinya shavu, akafinya kwa kucha hadi nikasema "Ai!" Ndipo akaniachia.

"Ni wewe."

"Ni mimi, Mae."

"Na niliyemlilia jana ni nani?"

"Vigae, Mae. Vigae vya jiko lako."

Akafikiri. Nje watu walikuwa wameanza kurudi, mmoja mmoja, wanachungulia.

"Nimenyoa kichwa," akasema Mae, "kwa ajili ya jiko?"

Anatolia alicheka nyuma ya kabati, kicheko na kilio pamoja. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikauliza jembe liko wapi.

Kuchimbua

Wazee wa ukoo walinizuia. Ta Kajetani, sauti imemrudi, alisema kaburi lililosaliwa halifukuliwi kama shimo la viazi. Padri aliulizwa kwa simu. Akacheka hadi akakohoa, akasema hakuna maiti hivyo hakuna dhambi, wafukue. Mzee mmoja akasema sawa, padri ana yake, lakini ukoo una yake: kaburi likishachimbwa kibanjani halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu litamtafuta mtu. Atakayetoa kitu ataweka kitu.

"Nitaweka mgomba," nikasema. "Nitaweka jiwe. Niacheni nitoe kazi yangu."

Walileta majembe. Niliwafukuza. Nilikuwa nimetoa vigae kama hivyo ardhini kwa wageni, na sasa vingepigwa jembe kwetu? Nilifunga kamba kwenye vigingi, mraba sawasawa. Niliondoa udongo tabaka kwa tabaka, kwa mwiko wa fundi, na nilipofika kwenye mbao nikatumia brashi. Juu yangu umati ulikuwa umejaa kama siku ya gulio. Wanasema kila kitu watu wa kwetu, hawana haya.

"Taratibu, utajiamsha!"

"Huyo ndiye msomi, anajifukua na diploma!"

"Novatus, ukijikuta humo tuambie!"

Msalaba wenye jina langu ulikuwa umechomekwa kichwani pangu. Niliung'oa nikautumia kukwangulia tope. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba mikono haikutetemeka hata kidogo, na huo ndio uchimbuaji bora niliowahi kufanya, najua, ingawa hakuna Daktari Hana wa kuuona.

Mbao mbili zilikuwa zimebonyea kwa uzito wa udongo. Nilizitoa. Majani ya ngano yalikuwa yameloa. Nikatoa simba, mzima. Mpanda farasi, mzima. Mwanamke wa mikia miwili alikuwa amepasuka katikati, na nililia kidogo, semeni mnavyotaka. Kila kimoja nilikiinua, nao juu wakakipokea mkono kwa mkono, na kelele zikapungua. Kijani kile, kikiwa kimelowa, ndani ya kibanja chetu, kilikuwa kinawaka. Ta Laurenti, ambaye alikuwa amepanda gari la kwanza kuja kuthibitisha, alimshika simba na kusema, "Kumbe ndicho nilichokitupia udongo. Nisamehe, bwana." Alimwambia simba, si mimi.

Mwisho kikatoka kigae changu. Kizima kabisa. Nilikiinua waone: paji la uso, masharubu, jina.

Watu wakasogea. Kisha Mae, ambaye nilidhani yuko ndani, akasema kutoka ukingoni, "Huyo abaki."

"Mae, nimeshasema nitaweka mgomba."

"Mgomba sikuulilia. Jina lililosaliwa jana ni hilo. Uso niliouona nikifumba macho ni huo. Huyo wa udongo akae, mimi nimempata wa nyama."

"Hicho ndicho bora kuliko vyote! Ndicho kinachokaa juu ya jiko! Hata Daktari Hana..."

"Nipe."

Nilikataa. Nawaambia wazi, nilikataa mbele ya ukoo. Nilimweleza kazi iliyomo, rangi, kalibu, miezi. Nikamwambia kigae kama hicho hakiko kingine duniani. Mama yangu, na kichwa chake kidogo kilichonyolewa, alikaa chini ukingoni, akateleza kwa makalio hadi akawa shimoni pamoja nami, akakichukua mikononi mwangu. Akakipangusa tope kwa kanga. Akakilaza chali, akakifunika majani ya ngano kama anayemfunika mtoto.

"Sasa fukia," akasema. "Na ukitaka, chimbua tena. Si una diploma?"

Umati ulicheka hadi Ta Kajetani akapata nafasi ya kuondoka bila kuonekana.

Nilifukia.

Jiko nimelijenga. Yule mwanamke aliyepasuka nimemuunga, mshono hauonekani ukisimama mbali. Moshi unatoka dohani, na mapafu ya Mae yameanza kutulia usiku. Watu wanakuja kutoka Kamachumu na Muleba mjini kulitazama. Juu kabisa, pale pa kigae cha fundi, nimeziba kwa udongo mtupu, na kila anayekuja ananyoosha kidole pale pale kuuliza palikuwa na nini.

Lakini hicho sicho kinachoniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni kwamba kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, mama yangu hupita kibanjani akaokota majani yaliyoangukia lile kaburi, akasimama kidogo, akalisalimia. Juzi sikuvumilia.

"Mae, mimi niko hapa. Unamsalimia nani kule?"

Hakugeuka. Alikuwa anamenya ndizi.

"Wewe unaondoka," akasema. "Yule haondoki."

Nilikwenda nje nikapiga teke ndoo. Karakana ya Bakoba nimeifunga, tanuri mpya naijenga Izigo, nyuma ya jiko, mahali anapoweza kuniona akiwa mlangoni, na mtu asinipigie simu kuniuliza kwa nini.